Mjane Mwenye Mume Hai

Bonde la Mierebi, Utah
9 Oktoba 1886

Dada Mahala mpendwa,

Tumefika salama, kama mtu aliyesafirishwa chini ya magunia ya chumvi anaweza kusema amefika salama. Kaka Tuttle alisimamisha gari lake mara moja tu, tulipokutana na askari wapanda farasi karibu na daraja. Niliwasikia wakimwuliza amebeba nini. Akawajibu, "Chumvi. Mnataka kuonja?" Wakacheka, wakapita. Alta alikuwa ameuma mkono wangu ili asikohoe. Alama za meno bado ninazo.

Dada Permelia Stokes ametupokea kwa moyo mmoja. Ni mjane mwenye ulimi mkali, ana nyumba ya magogo ya vyumba viwili na stoo ya viazi chini ya sakafu. Mfuniko wa stoo anauficha kwa zulia la matambara. Tulipoingia tu alinitazama tumbo, akasema, "Mwanangu, tumbo hili aproni haitalificha. Miezi mingapi?" Nikamwambia sita. Akasema, "Basi tangu leo wewe ni mjane mwenzangu. Mumeo alikufa kwa homa wakati wa mavuno. Ukiulizwa, lia kidogo. Usilie sana, watu watataka kukufariji."

Hivyo ndivyo nilivyofiwa. Hapa naitwa Bibi Lund.

Kila asubuhi, kabla Alta hajala, namfanyisha mazoezi. Unaitwa nani? Alta Lund. Baba yako yuko wapi? Amekufa. Jana alijibu yote bila kukosea, kisha akaweka kijiko mezani akaniuliza, "Mama, nikisema hivi kila siku, hatakufa kweli?" Nikamwambia ale uji wake usije ukapoa.

Wewe, dada, uliyeolewa kwanza, ndiye mke ambaye sheria ya serikali, ya mke mmoja, inamtambua. Mimi, wa pili, niliyeolewa kwa dini yetu tu, ndiye kosa lenyewe. Askari wakimkamata mume wetu Ezra bila mimi, watakuwa na maneno ya majirani tu. Wakinipata na tumbo hili, wamepata ushahidi wenye miguu. Nikisikia kwato barabarani, hata za ng'ombe, mikono inanitetemeka mpaka Dada Permelia ananinyang'anya vyombo asije akabaki bila sahani.

Mwambie Ezra asije huku, hata akisikia nini. Na barua hii ichome.

Mdogo wako,
Signe


Cedar Ford
24 Oktoba 1886

Mdogo wangu Signe,

Nimeisoma, nimeichoma, na mwandiko wa Alta, jina lake pembeni, niliuonea huruma kuutia motoni, lakini nimeutia.

Askari walikuja Jumanne kabla hatujala. Walikuwa wanne. Walipekua darini, kwenye ghala, mpaka ndani ya pipa la unga. Mmoja aliweka kiganja kwenye godoro lako kuona kama lina joto. Kitendo hicho ndicho kilichonikera kuliko vyote. Kuna mambo hata mimi mke mwenzio sijawahi kuyagusa. Kijana wao mmoja, mwenye adabu kidogo, alimwinamia Zerelda akamwuliza, "Mama yako mdogo yuko wapi, binti?" Unamjua Zerelda, miaka kumi na mmoja na ulimi wa hamsini. Akamjibu, "Mama yangu si mdogo, ni mnene. Yule pale." Yule kijana alishindwa kujizuia, akacheka. Mimi nikarudishia mfuniko wa pipa la unga.

Ezra analala kwenye maghala ya nyasi ya ndugu zake, leo huku kesho kule. Kifua kinamsumbua. Anasema kuku wamemzoea.

Unaniambia mikono inatetemeka. Acha nikueleze jambo ambalo siwaambii watoto. Kila Julai, kwenye sikukuu ya wahamiaji wa kwanza, watu wa kanisa wanatupandisha jukwaani, sisi tuliovuka nyika kuja Utah kwa mikokoteni ya kusukuma, wanatuimbia, wanatuita mashujaa. Mimi nilikuwa na miaka kumi. Theluji ilitukuta mtoni, unga umekwisha, tunachemsha ngozi za ng'ombe. Kila asubuhi kabla hatujaanza kusukuma, mama alikuwa akiuliza ndani ya hema, "Nani yupo?" nasi tunaitika mmoja mmoja kwa majina. Asubuhi moja kaka yangu Alma hakuitika. Mama aliuliza tena, taratibu, kama mtu anayedhani hakusikika. Kisha akamfunika, akafunga mzigo, tukaondoka. Sikuona ushujaa wowote. Tuliogopa toka kuamka mpaka kulala, na tukatembea hivyo hivyo na woga wetu. Basi nawe tetemeka, mdogo wangu, ila usiache kula.

Wako,
Mahala

Sali. Kula. Usitoke nje mchana. Mbusu Alta kwenye paji la uso na umwambie ni mimi. — E.


Bonde la Mierebi
8 Novemba 1886

Dada Mahala,

Hakuna kilichotokea, lakini kuna kilichotokea.

Alhamisi alikuja mchuuzi. Mtu mrefu, ndevu nyekundu, farasi mchovu, mifuko miwili imejaa sindano, nyuzi, vifungo na miwani ya kusomea. Si mtu wa dini yetu. Dada Permelia aliniashiria, nikashuka stooni nikajifunika magunia. Alta alikuwa uani, hatukuwahi kumwita.

Niliyasikia yote kupitia nyufa za sakafu. Mchuuzi aliingia akifuatana naye, akamwuliza jina. Alta akasema, "Alta Lund." Alimwuliza baba yuko wapi. Akasema, "Amekufa." Nikamshukuru Mungu. Kisha yule mtu akasema kwa sauti ya upole, sauti ya mtu mwenye watoto, "Pole sana. Na Krismasi hii ungependa kuletewa nini?"

Alta akasema, "Baba aje."

Nilisikia Dada Permelia ameangusha kitu. Yule mchuuzi akasema, "Lakini si umeniambia amekufa?" Na mwanangu, ambaye hajafunzwa jibu la swali hilo, akasema, "Ndiyo. Ila akija nitampa soksi nilizofuma."

Yule mtu hakuuliza tena. Alimpa kipande cha pipi, Dada Permelia akanunua pakiti ya sindano, naye akaondoka. Nilipopanda juu, Dada Permelia alikuwa amekaa sakafuni anaokota maharage. Akaniambia, "Watoto wote wanasema hivyo. Hata mimi natamani wangu arudi, na nilimzika mwenyewe." Lakini uso wake haukukubaliana na maneno yake.

Sikumchapa Alta. Nilitaka, Mungu anisamehe, lakini sikumchapa. Nilimwambia tu kwamba maneno yale yanaweza kumfunga baba yake gerezani. Tangu hapo haongei na mtu. Amefumua soksi zile mpaka zimebaki uzi.

Je, mchuuzi anazunguka milimani mwezi wa Novemba kuuza vifungo? Kwa nani? Nihame? Niende wapi na tumbo hili? Mwulize Ezra, uniandikie upesi.

Signe


Cedar Ford
20 Novemba 1886

Mdogo wangu,

Usihame. Njia za juu zimeanza kufungwa na theluji, na hali yako si ya kupanda mlima. Mchuuzi ni mchuuzi. Kaa ndani.

Huku hatujambo. Ezra hajambo, anakusalimu. Zerelda anataka chungwa na utepe mwekundu kwa Krismasi. Nimemwambia achague kimoja, amesema basi chungwa lenye utepe. Nakutumia flana za mtoto na asali kidogo.

Niwie radhi kwa ufupi wa barua. Kazi ni nyingi.

Mahala


Bonde la Mierebi
28 Novemba 1886

Dada Mahala,

Barua yako nimeigeuza, nimeiangalia nyuma na mbele, nimeishikilia mbele ya taa. Hakuna mstari wa Ezra. Hajawahi kuacha kuandika mstari wake chini. Na wewe hujawahi kuniandikia kwamba kazi ni nyingi. Kazi kwako zilikuwa nyingi tangu sijaja nyumbani kwako.

Ni mgonjwa? Amekufa? Wamemkamata? Chagua moja unijibu, kwa sababu mimi kila nikikaa naishi yote matatu.

Juzi Dada Permelia alikwenda dukani akasikia kwamba mchuuzi mwenye ndevu nyekundu alikuwa huko, akaulizia nyumba zenye wajane. Anasema wajane ndio wanaonunua miwani. Labda. Tangu hapo tunalala na nguo.

Sasa nitaandika jambo ambalo pengine nitajuta, lakini likibaki ndani litanitafuna. Nani anajua niko hapa? Kaka Tuttle, Ezra, na wewe. Usiku wa kwanza nilipoingia nyumbani kwako kama mke, ulinitandikia kitanda kwa mikono yako, ukaniambia, "Karibu, mwanamwali," kisha ukatoka ukaenda kukaa zizini mpaka kulipokucha. Nilikuona. Sikuwahi kukuuliza. Walimwengu wanasema mke mwenza hata akicheka nawe, ameficha mwiba kiganjani. Mimi nikitoka, nyumba yako inarudi kuwa kama zamani. Mume mmoja, mke mmoja, na sheria imeridhika.

Niambie ninakukosea. Naomba, dada, iwe nimekudhania vibaya tu. Niambie ninakukosea.

Signe


Cedar Ford
5 Desemba 1886

Signe,

Unanikosea. Na hukunikosea sana.

Walimkamata Ezra tarehe kumi na moja Novemba, kwenye ghala la nduguye, alipokohoa. Hakuna aliyemsaliti, ni kifua chake tu. Sikukuambia kwa sababu nilikujua: ungejipakia tena chini ya magunia uje, na wao wanakungoja wewe tu. Yuko mjini Salt Lake, anasubiri kusomewa shitaka. Nimeitwa nikahojiwa. Waliniuliza kama mume wangu ana mke mwingine. Nikawaambia mimi nina mifugo mingi, sina nafasi ya kuhesabu wake. Hakimu hakucheka. Wameniambia nikikaa kimya tena, nami nitalala ndani.

Sasa lililo zito. Wamempa njia. Akikiri kosa na kuahidi mbele ya hakimu kwamba tangu sasa ataishi na mke mmoja, mke wa kisheria, atarudi nyumbani kabla ya Krismasi. Hawatahitaji mashahidi, hawatakutafuta tena. Ataruhusiwa kukulisha wewe na watoto. Kukulisha tu. Hataruhusiwa kukanyaga kizingiti chako. Asipoahidi, ni kifungo, na kwa kifua kile sijui kama atatoka amesimama.

Ameniandikia kuniuliza, "Nifanye nini, Mahala?" Mtu wa miaka arobaini na minane, ananiuliza mimi.

Sitakudanganya. Niliposoma neno "mke mmoja," kitu ndani yangu kiliinua kichwa, kama mbwa aliyesikia jina lake. Kitu hicho unakijua. Ulikiona kikienda zizini ule usiku. Nikaona aibu. Nikaenda kukanda unga. Nilipomaliza bado kilikuwepo, na aibu ilikuwepo, na mkate ukaharibika.

Bado sijamjibu. Wewe unasemaje? Niandikie neno moja, nitalipeleka kama lilivyo.

Mimi si mwiba, mdogo wangu. Ila si pamba pia.

Mahala


Bonde la Mierebi
15 Desemba 1886

Kwa Dada Mahala Tolman,

Hatujuani, mimi ni Permelia Stokes. Naandika kwa sababu Signe hawezi kushika kalamu. Yuko hai. Nimeanza na hilo ili usome mengine umekaa.

Barua yako ilifika Jumatatu. Aliisoma amesimama, akakaa, akaisoma tena. Nikamwuliza kuna nini, akasema, "Hakuna, Dada Permelia, nimeachwa kwa faida yangu." Akaenda kukata kuni. Nikamkataza, hakusikia.

Jana mchana theluji ilikuwa inaanguka kama mtu anamwaga manyoya. Alta alikuwa dirishani, akasema, "Mama, yule mtu." Ndevu nyekundu, farasi, mifuko. Anakuja moja kwa moja mlangoni. Signe alimshika mtoto wakashuka stooni. Nikarudisha mfuniko, nikatandika zulia, nikaweka kiti changu juu yake, nikakaa.

Alibisha hodi, akaingia, amejaa barafu mpaka kwenye kope. Ungefanya nini? Kumfukuza mtu katika theluji ile ni kumwua, na kumfukuza ni kumwambia kuna jambo. Nikampa kahawa, ambayo dini yetu inaikataza, na naomba usimwambie askofu wako kama ninayo. Akakaa karibu na jiko, akavua viatu, akaanza kuniambia habari za mke wake. Sijui hata alisema nini, kwa sababu chini ya miguu yangu nilisikia sauti. Nimezalisha wanawake bonde zima. Sauti ile naijua.

Wiki tatu kabla ya wakati wake.

Basi nikaanza kuimba. Niliimba nyimbo zote za kanisani ninazozijua, nikagonga sakafu kwa fimbo kama natia mapigo. Yule mtu akasema, "Mama, una sauti nzuri." Dada Mahala, mimi sina sauti nzuri. Hata marehemu aliniomba niache. Nikaendelea. Alikaa pale mpaka viatu vilipokauka, na theluji ikapungua, na farasi akalishwa. Alipokuwa anatoka alisimama mlangoni, akatazama zulia, akanitazama mimi. Akasema, "Msalimie yule binti. Mwambie nilipita." Akaenda zake. Mpaka naandika hapa sijui alikuwa nani. Kama ni mpelelezi, hakurudi. Kama ni mchuuzi, alikuwa mwungwana kuliko wengi. Wewe chagua, mimi nimechoka.

Nilipofungua mfuniko, mtoto alikuwa amekwisha zaliwa. Signe alikuwa ameuma gunia, na Alta amemshika mama yake mdomo kwa mikono yote miwili. Miaka sita. Alikuwa bado amemshika, hataki kuachia, ilibidi nimbandue kidole kimoja kimoja. Mtoto mchanga hakulia. Nilidhani amekwisha. Nikampulizia, nikamsugua, akalia, na Alta akamrukia amzibe mdomo naye. Nikamwambia, "Mwache, mwanangu, mwache alie, mtu ameondoka." Hakuniamini.

Ni msichana, mdogo kama kimkate anachookewa mgonjwa. Signe amepoteza damu nyingi, ana homa. Anaita majina. Lako limo.

Kama unaweza kuja, njoo. Kama huwezi, tuombee.

Permelia Stokes


Bonde la Mierebi
26 Desemba 1886

Ezra,

Tulifika juzi mchana, mimi na Kaka Tuttle, kwa gari la theluji. Njiani farasi walizama mara mbili. Niko mzima.

Najua hukupenda nilivyoondoka. Hukuwa umelala nyumbani hata mara mbili tangu utoke kwa hakimu. Uliposoma barua ya Permelia ukaniambia, "Siwezi kwenda, nimeapa," nami nikakujibu kwamba wewe umeapa, mimi sijaapa. Nilisema kwa hasira. Leo nasema bila hasira, na maneno ni yale yale. Uliahidi kuishi na mke mmoja. Hakuna aliyeniuliza mimi nitaishi na nani.

Homa ya Signe ilishuka jana. Anakunywa mchuzi. Mtoto ananyonya, ana nywele kama zako, maskini. Usiku tunapokezana kumweka kifuani chini ya nguo, kwa sababu hawezi kushika joto peke yake.

Nilimwambia. Ilibidi. Nilitaka kungoja apate nguvu, lakini alinitazama nilipoingia, akasema, "Amekubali," si kama swali. Nikamwambia ndiyo. Akaniuliza jambo ambalo sikulitegemea: "Alilitaja jina langu? Au alisema tu mke mmoja, wakaelewa wenyewe?" Nikamwambia hukulitaja. Niambie kama nilisema kweli. Kama sikusema kweli, mwandikie yeye mwenyewe, kwa mkono wako, usinitume mimi. Nimechoka kuwa mdomo wako.

Sikulaumu kwa kuchagua kuishi, Ezra. Nilikuona ulivyorudi, nguo zimekuning'inia kama kwenye msumari. Lakini usiniambie tena kwamba umefanya hivyo kwa ajili yao. Umefanya kwa sababu uliogopa. Nami niliogopa, ndiyo maana sikukujibu barua yako, nikakuacha uamue peke yako ili kosa liwe lako. Tumegawana.

Jana ilikuwa Krismasi. Nilitoa machungwa niliyokuja nayo, nikamwambia Alta, "Haya, na wewe ungependa nini? Sema, mama yako mkubwa anasikia." Akatikisa kichwa. Nikambembeleza. Akasema, "Sitaki kitu. Nilishataka mara moja." Anaamini kwamba mchuuzi, na stoo, na homa ya mama yake, vyote vilitoka kwenye mdomo wake. Nimemweka mapajani nikamweleza mpaka sauti ikanikauka. Alisikiliza kwa adabu, kama wanavyosikiliza watoto wasiokubali. Chungwa alilishika mpaka jioni bila kulimenya.

Nitakaa mpaka Signe aweze kusafiri. Nyumba ya marehemu mama yako, ng'ambo ya barabara, ifungue, uwashe jiko, uzibe dari inapovuja. Ndiyo, mkabala na yetu kabisa. Hakimu alisema kizingiti, hakusema barabara. Zerelda anajua kukamua, mwache akuelekeze.

Mahala


Bonde la Mierebi
17 Januari 1887

Baba Alta,

Barua yako imenifikia. Asante kwa kuniambia kwamba walikuamuru utaje jina, na kwamba ulilitaja mara moja, kwa sauti ndogo, na mwandishi wa mahakama akakuomba urudie. Ni afadhali kujua. Dada Mahala alidhani ananihurumia, nami namwacha adhani hivyo. Usimwambie kwamba najua.

Unaniomba msamaha. Siku nyingine. Sasa hivi nina mtoto mchanga.

Wiki iliyopita nilitoka nje mchana. Nilikwenda mpaka dukani na kurudi, peke yangu, kichwa wazi. Nikamwambia mwenye duka jina langu ni Signe Tolman. Akaniangalia, akasema, "Na Bibi Lund je?" Nikamwambia ameolewa tena. Wakati wa kurudi nilikaa chini kwenye theluji katikati ya njia nikacheka, kisha nikalia, kisha ng'ombe wa watu akaja kunitazama nikainuka. Ni ajabu, Baba Alta. Ulipoahidi kutonijua, nikaruhusiwa kuonekana. Lakini mwili haujapata habari. Nikisikia kwato bado nautazama mfuniko wa stoo, na mtoto akilia, mkono wangu unakwenda mdomoni mwake kabla sijafikiri.

Jina lake ni Karna. Nilitaka umwombee wewe na kumpa jina mbele ya kanisa, kama ulivyomfanyia dada yake. Askofu atafanya. Wewe utakaa kwenye benchi na majirani wengine.

Dada Mahala amenipangia maisha yote: bustani tutalima pamoja, mkate tutaoka kwake, nguo tutafua kwangu. Ninamwogopa kidogo, kama zamani. Lakini hapa alilala sakafuni karibu nami kila siku, na alipodhani nimelala alikuwa akiuliza gizani kwa sauti ya chini, "Nani yupo?" Nikaanza kumwitikia. Sikumwuliza kwa nini.

Alta anaongea tena, maneno machache. Nimemwambia kwamba baba yake hakufa, hakuwahi kufa, na kwamba sasa anaweza kusema hivyo kwa yeyote. Hajasema bado. Anasema atasema akikuona.

Tutafika Alhamisi mchana, Mungu akipenda. Usije kutupokea barabarani. Watu watakuwa wametoka kuangalia, na wengine wataiandikia serikali walichokiona. Usifungue mlango. Simama dirishani tu, mahali penye mwanga, na usiondoke mpaka Alta akuone.

Signe